Mchochezi na Mkalimani

  

Kabla sijawa mwalimu niliwahi kufanya kazi ya ukalimani katika mahakama ya wilaya moja ya bara. Mashahidi walisema Kiswahili, kumbukumbu ziliandikwa kwa Kiingereza, na mimi nilisimama katikati. Siku moja aliletwa mama muuza samaki, ameshtakiwa kwamba amemtishia jirani yake. Ushahidi wote ulikuwa neno moja: "Utanitambua." Nyote humu mnajua uzito wa neno hilo likisemwa na mtu aliyekunja kanga kiunoni. Lakini ukilihamisha neno kwa neno, limebaki ahadi ya watu kufahamiana. Hakimu aliniuliza, "Amesema nini?" Nilichagua tafsiri nzito. Mama yule alifungwa mwezi mmoja. Baadaye nilisikia kwamba yeye na jirani yake walikuwa wakiambiana neno hilo kila wiki, miaka nenda miaka rudi, na kuombana chumvi jioni yake.

Sijamsahau mama yule. Tangu hapo, kila nisomapo historia ya magazeti na hotuba zilizozimwa wakati wa ukoloni, namtafuta kwanza mkalimani. Kitabu kitamtaja gavana, hakimu na mhariri. Mimi nauliza: nani alikaa katikati yao, akamwambia mtawala kwamba maneno haya ya wenyeji maana yake ni hii?

Hilo ndilo ninalotaka tulifikirie jioni hii. Serikali ya Mwingereza katika Afrika ya Mashariki ilitawala watu ambao lugha zao nyingi haikuzijua sawasawa. Iliogopa kile ilichokuwa haikisikii. Kwa hiyo, kuziba watu midomo kulianzia mezani kwa mfasiri kabla ya kufika mikononi mwa askari.

Tuanze na neno lenyewe. Kosa walilokuwa wakishtakiwa waandishi wetu tunaliita uchochezi. Neno hili limetoka jikoni. Mtu huchochea moto: anasogeza kuni, anapepea, anapuliza. Lakini hakuna anayechochea jiko baridi. Ili uchochee, lazima moto uwepo. Sheria ya Mwingereza haikutaka kulijua hilo. Kanuni za adhabu zilizoenezwa katika makoloni yetu kuanzia mwaka 1930 zilihesabu kuwa nia ya uchochezi ni pamoja na kuwafanya watu waichukie au waidharau serikali, na hata kuzusha manung'uniko miongoni mwa raia wa mfalme. Manung'uniko! Na mtu hakuokoka kwa kuonyesha kwamba aliyoyaandika yalikuwa kweli. Sheria ilimkamata aliyeshika kipepeo, haikumuuliza mtu nani aliwasha.

Na waliowasha wanajulikana. Chukueni Nairobi ya mwaka 1921. Vita Kuu imekwisha, wanaume waliorudi kutoka kwenye uchukuzi wa mizigo ya jeshi wanakuta kipande kinawangoja: karatasi yenye alama za vidole, ndani ya kikopo cha chuma, inaning'inia shingoni. Kodi imepandishwa. Mwaka huohuo walowezi wanakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Katika hali hiyo anatokea kijana Harry Thuku, karani wa simu katika Hazina ya serikali. Kabla ya kuwa karani, Thuku alifanya kazi katika kiwanda cha gazeti la walowezi, Leader. Huko alijifunza kupanga herufi za risasi. Alijua jinsi neno linavyotengenezwa kwa mkono, herufi baada ya herufi, kinyumenyume, hadi likasomeka kwenye karatasi.

Alipoanzisha chama chake cha East African Association, alitoa karatasi zilizoitwa Tangazo. Zilikuwa kwa Kiswahili. Nawaomba mtulie kidogo hapa. Thuku alikuwa Mkikuyu wa Kiambu, na angeweza kuandika Kikuyu tu. Alichagua Kiswahili kwa sababu Nairobi ilikuwa mji wa Wakikuyu, Wajaluo, Wakamba, Waganda, Wanyamwezi na watu wa pwani, na malalamiko ya kipande hayakuwa ya kabila moja. Mtambo ulikuwa wa M. A. Desai, Mhindi aliyekuwa na gazeti la East African Chronicle. Kwa hiyo karatasi ile ilikuwa na mwandishi wa Kikuyu, lugha ya pwani na mpiga chapa wa Bara Hindi. Serikali iliyotawala kwa kuwaweka watu mafungu mafungu iliona hatari kubwa zaidi katika mkusanyiko huo kuliko katika sentensi yoyote iliyochapwa.

Tarehe 14 Machi 1922 Thuku alikamatwa. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea mbele ya watu wote na kuwasukuma waende. Askari walifyatua risasi. Muthoni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Hesabu ya serikali ilisema waliokufa ni 21, na waliokuwapo walisema ni wengi zaidi.

Siku mbili tena baadaye, tarehe 18 Machi, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, Mohandas Gandhi alisimama mbele ya hakimu Broomfield mjini Ahmedabad, akishtakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya makala alizoandika katika gazeti lake, Young India. Alikubali kosa, akatoa maelezo yaliyosomwa dunia nzima, akahukumiwa miaka sita. Mara nyingi nimeziweka kesi hizi mbili pamoja, na kila mara naona lilelile. Gandhi, wakili aliyesomea London, alisema na hakimu kwa lugha ya hakimu. Hakuhitaji mkalimani. Kesi yake ikawa jukwaa. Thuku hakupewa kesi hata kidogo. Alipelekwa Kismayu kwa amri ya utawala, akazungushwa katika vituo vya mbali vya kaskazini na pwani, na hakurudi kwao hadi mwishoni mwa mwaka 1930. Mahakama ingelazimika kuziweka karatasi zake za Kiswahili mezani, kuzitafsiri hadharani, na kuwaacha watu wasikilize. Uhamisho ulikuwa kimya. Naye Desai alipoteza gazeti lake.

Baada ya Thuku walikuja wengine waliojifunza kuandika kwa uangalifu zaidi. Mwaka 1928 chama cha Wakikuyu, Kikuyu Central Association, kilianza kutoa Muigwithania, yaani mpatanishi. Mhariri wake alikuwa Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye tulimjua kama Jomo. Gazeti lilijaa methali, habari za kilimo, mawaidha ya kusoma na kuweka akiba. Mtu wa nje angedhani ni jarida la misheni. Ndani yake kulikuwa na hoja ya ardhi, ikipita chini kwa chini kama maji ya mfereji uliofunikwa majani.

Serikali ilitaka kujua kinachopita chini ya majani. Ikamwendea A. R. Barlow, mmisionari wa Kiskoti aliyekuwa bingwa wa Kikuyu, naye akayageuza matoleo yake kuwa Kiingereza. Leo watafiti wengi wa historia ya Kenya wamelisoma Muigwithania kwa tafsiri hiyo ya Barlow, iliyohifadhiwa katika majalada ya serikali. Fikirini maana yake. Mababu zetu walizungumza wao kwa wao, kwa lugha yao, na sisi wajukuu tunawasikia kupitia kwa mtu aliyewekwa awasikilize kwa niaba ya mtawala. Simlaumu Barlow kwa ujuzi wake. Alikijua Kikuyu kuliko sisi tulio wengi humu. Lakini mfasiri aliyeagizwa kutafuta hatari husoma methali kwa jicho moja. Mnajua wenyewe methali zetu: moja inaweza kuwa kitulizo, dhihaka, onyo na mzaha, kwa kutegemea nani kaisema, kwa nani, na uso wake ulikuwaje. Mbele ya afisa, hayo yote yanabanwa yawe maana moja.

Kuhusu wapiga chapa nitasema machache tu, ingawa wanastahili mhadhara wao. Mwafrika aliyekuwa na maneno mara nyingi hakuwa na mtambo. Serikali ilifahamu kwamba ni rahisi kumtisha mwenye mali kuliko mwenye hoja. Tanganyika ilipata Sheria ya Magazeti mwaka 1928, iliyodai gazeti liandikishwe na dhamana iwekwe, na mtu kama Erica Fiah, aliyeanzisha Kwetu jijini Dar es Salaam mwaka 1937, aliendesha kazi yake chini ya sheria hiyo. Kenya, kati ya mwaka 1950 na 1952, sheria zilikazwa hadi zikaufikia mtambo wenyewe. Hata hivyo walikuwapo waliokataa kutishika. Girdhari Lal Vidyarthi, mwenye gazeti la Colonial Times na kiwanda kilichochapa magazeti ya Waafrika, alifungwa kwa uchochezi, akatoka, akaendelea kuchapa. Katika vitabu vyetu vya shule jina lake halionekani, na hilo linanisikitisha.

Palipokosekana mtambo palikuwa na koo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Wakikuyu waliimba nyimbo za siasa kwa sauti za nyimbo za kanisani ambazo kila mmisionari alizijua. Vijitabu vya maneno yake viliuzwa. Mzungu aliyepita karibu na mkutano alisikia wimbo wa ibada, akavua kofia akaendelea na safari. Louis Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale aliyezaliwa Kabete na kukua pamoja na vijana wa Kikuyu, aliandika mwaka 1954 jinsi nyimbo hizo zilivyowapita Wazungu masikioni bila wao kutambua. Yeye alitambua, kwa sababu Kikuyu kilikuwa lugha ya utoto wake.

Mshikeni Leakey huyo, maana tunakutana naye Kapenguria.

Tarehe 20 Oktoba 1952 ilitangazwa hali ya hatari Kenya kwa sababu ya Mau Mau, uasi wa siri dhidi ya utawala wa Mwingereza. Magazeti ya Kikuyu yakapigwa marufuku kwa mkupuo. Kenyatta na wenzake watano, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko, walifikishwa, kwa shtaka la kuiongoza Mau Mau, mbele ya hakimu Ransley Thacker huko Kapenguria, mbali na reli na mbali na watu wao. Kesi ilianza tarehe 3 Desemba katika chumba cha shule. Kaggia alikuwa amehariri gazeti la Kikuyu, na Oneko alikuwa mwanzilishi wa Ramogi, gazeti la Kijaluo. Wakili wao mkuu alikuwa D. N. Pritt kutoka London. Na mkalimani wa mahakama alikuwa Louis Leakey.

Mtu yuleyule aliyekuwa akiishauri serikali kuhusu Mau Mau, aliyekuwa ameshaandika juu ya Mau Mau, ndiye aliyewekwa awe sikio la hakimu. Kila neno la shahidi wa Kikuyu lilipita kwake kabla halijafika kwenye kitabu cha kumbukumbu. Pritt hakujua Kikuyu, lakini alijua haki inavyonuka ikianza kuoza. Alipinga tafsiri, akapinga tena, hadi Januari 1953 Leakey akaiacha kazi hiyo. Watu husimulia kesi ya Kapenguria kama pambano la Kenyatta na Thacker. Kwangu mimi, mtu niliyewahi kusimama mahali pale pa katikati, kiini chake ni hizo siku ambazo mahakama nzima ilisimama kubishana kuhusu maana ya neno.

Na neno moja lilikuwa zito kuliko yote. Agosti 1952, katika mkutano mkubwa Kiambu, Kenyatta alikuwa ameilaani Mau Mau hadharani. Alitumia laana ya Kikuyu inayotaja mizizi ya mti wa mikongoe, kitu kiende huko na kisionekane tena. Mahakamani alieleza kwamba Kikuyu hakina laana kali kuliko hiyo. Upande wa mashtaka haukuridhika. Kama amelaani kweli, kwa nini hakusema waziwazi, kwa maneno ambayo Mwingereza angeyatambua kuwa ni kulaani? Hapo ndipo mtu anapochoka moyo. Ukiongea kwa mafumbo, unaficha uasi. Ukilaani kwa laana ya babu zako, hukulaani. Hotuba yake ya Nyeri ya tarehe 26 Julai mwaka huohuo, mbele ya maelfu ya watu, inayonukuliwa vitabuni hadi leo, imetufikia kwa taarifa ya afisa wa polisi aitwaye Henderson. Tunamnukuu Kenyatta, kumbe tunanukuu daftari la polisi.

Tarehe 8 Aprili 1953 Thacker aliwahukumu wote sita miaka saba na kazi ngumu.

Pritt huyohuyo alikuja Dar es Salaam miaka mitano baadaye. Safari hii mshtakiwa alikuwa Julius Nyerere, kwa kashfa dhidi ya wakuu wa wilaya, kutokana na aliyoyaandika katika karatasi ya chama, Sauti ya TANU. Agosti 1958 alipewa hiari ya faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Mwaka uleule Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh wa gazeti la Mwafrika, lililoandikwa kwa Kiswahili na kusomwa kwa sauti vibarazani, walipatikana na hatia ya uchochezi wakaenda jela. Sitaki kujenga hoja nzima juu ya tofauti ya hukumu mbili, maana makosa yalikuwa tofauti na serikali ilikuwa na hesabu zake kuhusu kumfunga Nyerere. Lakini gazeti lile la Kiswahili lilifika mahali ambapo hotuba ya Baraza la Kutunga Sheria isingefika kamwe, na wenye gazeti ndio waliolala kwenye sakafu ya saruji.

Unguja nako, mwaka 1954, kamati nzima ya Jumuiya ya Waarabu ilishtakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya makala za gazeti lake, Al-Falaq. Mwaka huohuo Redio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na mawimbi ya redio hayakuomba leseni ya mkuu wa wilaya wala kuweka dhamana. Tarehe 27 Juni 1957 London nayo ikaanza matangazo yake ya Kiswahili. Dola iliyozoea kuwasikiliza wasemaji wa lugha hii kupitia kwa mfasiri ilikuwa sasa inabembeleza masikio yao.

Mtaniuliza, na uhuru ulipokuja? Sheria ya Magazeti ya 1928 iliendelea kutumika Tanganyika huru hadi mwaka 1976, ilipotungwa nyingine iliyobeba kosa lilelile la uchochezi. Kenya ilifuta kifungu chake cha uchochezi mwaka 1997. Katikati hapo kuna jambo ambalo kila mwandishi wa lugha zetu analibeba moyoni. Julai 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa riwaya ya Kiingereza iliyowasema wakubwa wa nchi bila kuwaficha, Petals of Blood, na Mwai Kibaki, waziri wa serikali hiyohiyo, akawa mgeni wa heshima katika uzinduzi wake. Miezi michache baadaye wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ waliigiza tamthilia ya Kikuyu ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Tarehe 16 Novemba kibali kiliondolewa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa usiku, akawekwa Kamiti bila kesi, kama Thuku. Mkuu wa wilaya aliyefuta kibali alikuwa Mwafrika mwenzetu, akitumia madaraka ya ofisi aliyoiacha Mwingereza, na hofu ya Mwingereza ikiwa bado imo ndani ya droo.

Namalizia na mtu mmoja ambaye sikupata bahati ya kukutana naye. Henry Muoria alikuwa gadi wa reli. Alijifunza uandishi kwa kusoma peke yake, na mwaka 1945 akaanzisha gazeti la Kikuyu, Mumenyereri. Hali ya hatari ilipotangazwa yeye alikuwa London. Gazeti likafungiwa, naye hakuweza kurudi. Akarudia kazi yake ya zamani, safari hii katika treni zinazopita chini ya jiji la London, na nyumbani jioni akaandika. Kitabu chake kikuu kilichapishwa Nairobi mwaka 1994. Alifariki mwaka 1997, bado makazi yake yakiwa Uingereza.

Nakala za Mumenyereri ni chache. Za Tangazo la Thuku ni chache zaidi. Zilisomwa zikapasuka, zilifukiwa ardhini polisi walipopita nyumba kwa nyumba, zilisokotewa tumbaku, zilifungiwa maandazi. Kilichobaki kwa wingi ni Kiingereza cha majalada. Kwa hiyo nina ombi, hasa kwenu mnaotoka vijijini. Mkirudi likizo, mwombeni bibi ruhusa ya kufungua lile sanduku la chini ya kitanda. Kama kuna karatasi imeandikwa kwa lugha yenu, imekunjwa mara nne na wino umefifia, msiitupe. Kaeni naye aisome kwa sauti, nanyi muandike anavyosema, hata pale atakaposita akacheka, au akanyamaza.